Mwenye Alimulisha Ricky

Likasi, ku Panda, siku ya jumapili

Kwako Yaya yangu Orpha, dada yangu mukubwa,

Jambo sana, Yaya. Uko namna gani huko ku ziwa Tshangalele? Mwili iko na nguvu? Kile kikohozi kilikuacha, ao kingali kinakusumbua juu ya upepo ya maji? Sisi huku tuko, Mungu anatulinda. Bwana yangu Zéphirin bado anashuka mu mashimo kuchimba mawe, anarudia na mavumbi mpaka mu masikio. Minye niko muzima, ni mwili tu nasema. Usamehe maandiko yangu, unajua masomo yangu iliishia wapi. Ku telefone sikutaka, sauti ingekatika mbele ya kufika penye ninaenda.

Ricky ametimiza miaka mbili na nusu. Shingo inasimama sasa. Angali anakaa mu ile bidon ya mafuta, ya manjano, weye ulikata na kisu ya moto, ukaijaza vitenge pembeni ili asianguke. Unakumbuka Mama Hortense wa jirani aliuliza kama tunamupeleka mutoto ku soko kumupima kama mafuta? Ukamujibu kama mafuta iko na kifuniko, ni midomo ya Mama Hortense tu njo haina. Nilicheka siku muzima.

Ni weye ulisikia vizuri maneno ya Mama Anne wa ku centre ya batoto bagonjwa: uji iwe nzito, mutoto akae wima, kijiko kiguse ulimi kidogo tu, kisha ungoje midomo ijifunge yenyewe. Minye nilikuwa pale pale ku benchi, lakini akili yangu ilikuwa ku kilo ya Ricky tu. Weye ulijua kungoja, Yaya. Kijiko moja, unangoja. Mama mukwe yangu, Mama Philomène, alikuwa anasema kwa sauti ya kusikika mpaka ku njia eti muke hana mutoto, kulisha atajulia wapi, jua inashuka na sahani ingali imejaa. Lakini asubui moja Ricky alifunga midomo juu ya kijiko peke yake, uliniita na makelele, nikakuta uji ku kidevu yake na machozi ku yako.

Kisha ikafika siku ya kupaliwa. Midomo yake ikawa bluu, uji ikaingia mu mapafu, siku kumi na moja ku opitali. Weye ulikuwa unatoka kuteka maji ku robinet na ndoo ku kichwa, Mama Philomène akakusimamisha mu kiwanja mbele ya bantu, eti asiye na mutoto anakula wa wenzake. Zéphirin akatosha mufuko yako inje. Ukaniangalia. Minye nikaangalia ndoo.

Juma iliyopita Henriette muuza samaki alinifikia na furushi yako ya samaki na maneno yako, eti nikusamehe, pengine uji ulimupa asubui ya ile siku ya kupaliwa ilikuwa mwepesi. Akaniambia tena kama ile sifa ya uchawi imekufuata huko, bamama ya ku ziwa banaita batoto yao ndani ukipita. Yaya, ile samaki sikuweza kuimeza.

Uji yako haikuwa na kosa. Alipaliwa saa sita, weye ukiwa ku robinet. Kesho yake ilikuwa siku ya kupima kilo, nikaogopa balanse itaniaibisha tena mbele ya bamama. Nikaongeza maji mu uji, nikamulalisha Ricky ku magoti, nikamubana pua, nikamimina na kiganja, vile mama yetu alikuwa anatufanya sisi wote. Sisi tulipona, nikajisemea naye atapona. Alipiga miguu. Niliona anapiga miguu, Yaya, na nikaendelea mpaka kikombe ikaisha.

Ijumaa nilimuambia Zéphirin. Akasema nifunge kinywa, juu mama yake alishasema jina yako mbele ya kanisa muzima, na mama yake hawezi kuonekana muongo. Basi sikuiti urudie, nyumba si yangu. Nakupa hii karatasi. Henriette anajua kusoma, aisome kwa sauti pale bamama banakausha samaki, asiruke mustari hata moja.

Ricky sasa, mukono yangu ikikaribia, anafunga macho kwanza, kisha midomo. Naweka kijiko, nangoja vile ulikuwa unangoja. Jana nilipasha ile uji mara tatu. Hakufungua.

Umusalimie Henriette, na wote banakupa mahali ya kulala. Ricky naye anakusalimia, maana mulango ukilia anageuza shingo kuangalia nani anaingia. Kaa na ile amani nilikunyima.

Ni minye mudogo yako,
Alphonsine Kalenga, mama ya Ricky.
Njo minye nilimulisha ile siku.