Kokwa Kooni

Kijiji cha Shijing,
Hunan.
4 Novemba 1986

Mpendwa Dada Qiulian,

Pokea salamu za mdogo wako. U hali gani, na goti lako linasemaje na baridi ya huko Xinjiang? Shemeji Hao bado anakohoa? Sisi huku ni wazima, tunakula na kutembea. Mpunga umeshavunwa na pilipili zimeshatiwa mitungini. Habari za mazishi ya mama alikuandikia Kaka, hizo sizirudii.

Nakuandikia habari zangu mwenyewe. Tangu tumzike mama sijatoa hata chozi moja. Tarehe ishirini Desemba atatimiza siku mia tangu afariki, na anayetakiwa kuomboleza kaburini, kwa sauti na kwa maneno, ni binti. Wewe uko mbali, nimebaki mimi. Nisipoweza, mama atapitisha siku mia bila kuliliwa na binti yake hata mmoja.

Siku ya mazishi nilipiga magoti, nikafungua mdomo, kisitoke kitu. Lamei, mke wa Kaka, akanifinya pajani. "Lia basi, wifi, watu wanatazama." Nikamwambia sina machozi. Ikabidi aitwe mama mmoja wa kijiji jirani anayelia kwa malipo. Alilia vizuri sana, ila jina la mama alilikosea mara mbili. Siku ya arobaini na tisa tuliporudi kaburini ikawa vilevile.

Majirani wanasema nina moyo wa jiwe. Nawasikia na siumii. Hakuna kinachoniuma, Dada. Nalisha nguruwe, nachanja kuni, nakula chakula bila kujua kama kina chumvi.

Kitu kimoja tu ndicho ninachokihisi. Kooni pamekaa kitu kama kokwa la plamu. Simezi, sitemi. Wali unapita, maji yanapita, lenyewe halibanduki.

Lamei hakungoja daktari. Unawajua wanawake wa hapa, ugonjwa wowote wa mwanamke usio na homa wanauita ukavu wa ndani, na dawa yake iko katika kila jiko: ngano, kunazi nyekundu na ile mizizi mitamu. Akanichemshia chungu kizima kila asubuhi, siku kumi na mbili. Tumbo likajaa, nikawa nacheua kama ng'ombe, na kokwa palepale.

Ndipo nikaenda mjini kwa Daktari Kuang, yule mama mnene aliyemtibu baba, nikamweleza kifo cha mama na kokwa langu. Alinishika mshipa wa mkono akasema umekaza kama uzi wa zeze. Akauliza nimekunywa nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka miwani ikamshuka puani.

"Nani kakupa hiyo?"

"Wifi yangu."

"Wifi yako ana huruma, akili kaisahau nyumbani. Hiyo anapewa mwanamke anayelia bila sababu, anapiga miayo, anacheka peke yake, mpaka watu waseme kapandwa na pepo. Inamtuliza. Sasa wewe bibie hata kulia hujaanza, unatulizwa nini?"

Alinieleza kwamba ini langu limefunga, pumzi ya mwili imekwama kifuani, makohozi yameziba njia yake, na vitu vitamu vimezidi kuikwamisha. Magonjwa yote mawili huzaliwa na huzuni, alisema, ila moja linamwagika na jingine linaziba. Akanifungia magome ya mti, viazi vidogo vilivyoondolewa sumu, tangawizi, na yale majani ya zambarau ambayo mama alikuwa akipikia samaki.

Nilipokuwa navaa koti akauliza, "Mwisho wake mama yako alikuambia nini?"

Nikamwambia hakuniambia kitu mimi.

"Haya, na wewe ulimwambia nini?"

Nikafunga vifungo vya koti. Akaandika karatasi yake hadi mwisho, kisha akasema, "Hii dawa italegeza tu. Kutoa utatoa mwenyewe. Dawa unachukulia dirisha lile."

Imesaidia kiasi. Kokwa limelainika kidogo, na jana niliisikia ladha ya tangawizi. Kwa hiyo nakuambia wewe, maana jambo lenyewe ni lako.

Asubuhi aliyokufa mama nilikuwa namnywesha maji ya wali. Macho yalikuwa hayaoni tena. Alinishika mkono akaniita, "Qiulian." Alidhani umefika. Nilitaka kumwambia ni Manxiu, lakini alikuwa ameshaanza kusema.

"Qiulian, mwanangu, ulikuwa na miaka kumi na sita. Ni mimi niliyewaambia wale wa malori una kumi na minane, ili wakuchukue. Nilitaka mdomo mmoja wa kulisha upungue. Umenisamehe?"

Miaka thelathini na minne, tangu wakupeleke Xinjiang na wasichana wengine wa Hunan, sote tulidhani karani wao ndiye aliyekosea kuandika umri wako. Nadhani na wewe ulidhani hivyo.

Nikamjibu kwa sauti yako. Niliyavuta maneno kama ulivyokuwa ukiyavuta tulipokuwa wadogo. "Nilishakusamehe zamani, Mama." Akauachia mkono wangu. Hayo maji ya wali yalikuwa bado ya moto alipokata roho.

Dada, msamaha ule haukuwa wangu kuutoa. Nimechukua kitu chako nikampa mama bila kukuuliza, naye ameondoka nacho. Kila nikifungua mdomo nimlilie, naogopa itatoka sauti yako.

Niandikie barua ifike kabla ya siku ile ya mia. Kama umemsamehe, sema. Kama hukumsamehe, sema vilevile, nami nitakwenda kaburini nimwambie kwamba aliyejibu nilikuwa mimi.

Nisalimie Shemeji Hao, na mwanao Jianbei na mkewe. Kaka na Lamei wanakusalimu. Mbingu ikulindie goti lako na pumzi za mumeo, muuone msimu wa joto mkiwa wazima.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Manxiu

Usinionee huruma katika jibu lako. Huruma nilishaitumia mimi, na uongo ukatokana nayo.