Choo cha Karavani ya Masara

Achieng, nyakwara, mjukuu wangu,

Hapa Karungu tu wazima. Nyanya yako amemaliza kuvuna karanga na anakusalimu sana. Umeniuliza kwa nini niliacha kazi ya ufundi mgodini kule Masara miaka ya tisini.

Mwenye mgodi alinunua karavani kuukuu, nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, wageni wake walale humo. Tangi la maji machafu lilikuwa limepasuka. Siku tatu nililala chali chini yake, nikaling'oa, nikafunga jipya na kubadilisha mabomba yote ya bafu na choo. Nilipomaliza, tumbo likanibana. Nikamwomba msimamizi ruhusa niingie.

"Choo hicho ni cha wageni," akasema. "Wewe nenda vichakani."

Achieng, mikono yangu ilikuwa bado inanuka uchafu wa watu nisiowajua! Nikaingia, nikafunga mlango. Akaupiga ngumi.

"Toka, wewe!"

Nikamjibu nikiwa nimekaa, "Ngoja. Fundi anapima kazi yake."

Alinifuta kazi papo hapo. Nikikumbuka, hasira hunipanda hata leo, lakini sijuti. Nilipovuta maji, halikuvuja hata tone.

Ni mimi babu yako, ninayekuwaza kila siku.