Usimpe Chatu Chakula Leo

Mjukuu wangu,

Usimpe chatu wako chakula leo wala kesho. Mwache siku kumi. Taa ya kumpa joto isizimwe. Sketi yangu iliyo kwenye ndoo usiiguse, ~~nimemwagikiwa na chai~~ hapana, niseme kweli.

Asubuhi hii amenitapikia panya mzima mapajani. Yule yule uliyempa jana, na mkia wake. Nimezaa watoto saba, nikadhani nimemaliza kutapikiwa. 

Ulituonya kwamba akishakula asishikwe mpaka tumbo litulie. Nilisikia vizuri. Lakini goti langu likiwaka moto, hakuna dawa inayoshinda ubaridi wa ngozi yake. Basi kila ukienda kazini namtoa, namviringisha gotini, tunasikiliza redio. Mwezi mzima sasa. Kumbe ndiyo maana umekuta matapishi kizimbani mara mbili, na choo hapati, na amekonda. Wewe ukamlaumu baba yako kwamba anazima taa. Mwanangu maskini akaibeba lawama, na mimi nikaendelea kunywa chai yangu. Mwombe radhi kabla sijarudi, maana nikiwepo nitaona aibu.

Nimekwenda kwa daktari wa mifugo kumweleza haya kwa mdomo wangu.

Yule bwana uliyemwita aje leo saa kumi kumchukua chatu, kwa kuwa umechoka kumuuguza, mrudishe mlangoni. Mnyama wako haumwi. Ana bibi mkaidi tu.

Bibi yako