Fuwele za Neema nilizoanika juani

Leo Jumamosi, mvua imekatika, hapa Lipangalala jua linawaka, na mimi nina furaha mpaka uji nimesahau kunywa. Naongea, mjukuu wangu Neema anaandika kwenye simu. Andika yote, mama, usirukeruke.

Neema anasoma kemia chuoni. Likizo hii kaja na kichupa cha spiriti, ndani yake vipunje vya bluu vinang'aa kama shanga. Fuwele, anaziita. Kazikuza mwenyewe kutokana na shaba. Jumatatu mwalimu anazitaka nzima azipime, la sivyo kazi yake ya mwaka mzima imekwenda na maji.

Sasa wiki iliyopita mimi nikazikuta zimelowa.

Huku kwetu kitu kibichi hakiwekwi. Mpunga mbichi unaota ndani ya gunia, muulize jirani yangu mama Pili, mwaka ule alipo... haya, hayo baadaye. Nikamwaga spiriti, nikazianika kwenye ungo pembeni ya mpunga. Nikajiona nimesaidia!

Kurudi, shanga zimekuwa unga. Kama chokaa.

"Bibi! Umeanika fuwele zangu?" Akalia. Nikamwambia, si nimetoa maji tu? Ndipo akanieleza: ile spiriti haikuzilowesha nje tu. Imeingia ndani, chembe zake zimejipanga kwenye nafasi katikati ya zile za shaba, safu kwa safu, zimeshikana. Zikitoka, nyumba inaanguka.

Nikaelewa papo hapo! Ni kama tunavyolala msibani: chumba kimoja, wanawake tumejaa, huyu kajikunja mgongoni kwa yule, mguu wako kwenye mkeka wa mwenzio. Akiondoka mmoja, wote mnalegea. Hata mpunga, ukiukausha kupita kiasi, mashine inatoa chenga tupu.

Neema akaukomba ule unga, akauyeyusha kwenye spiriti mpya, akachuja, akafunika kichupa kwa karatasi yenye vitundu, ili spiriti ipungue polepole na chembe zijipange upya. "Wewe mke mwenza," akaniambia, "ukikisogelea hiki nakushtaki kwa babu." Tangu hapo napita pale kwa kunyata.

Leo asubuhi kaniita. Zimerudi! Za bluu, zina kona, zinameta! Nikapiga vigelegele mpaka mama Pili akaja kuuliza nani kaolewa.

Jumatatu zinasafiri na Neema, ndani ya spiriti yake.

Mimi nitaanika mpunga, nitaanika perege wa mtoni, hata godoro. Ila kitu kilicholowa nitakiuliza kwanza: wewe umeyabeba maji, au maji ndiyo yamekubeba?