Umeme Unapotelea kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Februari

Betri asilimia sitini na moja asubuhi. Jana sitini na nane. Nimefuta paneli, nimekagua swichi, nimekunywa chai bila sukari. Mawingu tangu Ijumaa. Mto umejaa, hakuna gari linalopita kwenda Kamsamba wala kutoka. Mvua ikishika huku bondeni mtu anaishi kama kuku ndani ya tenga.

Kuna jambo linanikera. Umeme unaotoka hapa kituoni na ule unaosomwa na mita za nyumba zote haulingani. Tofauti ndogo ni kawaida. Hii si ndogo. Kuna mtu anakula bila kunawa.

Ni tawi la tatu. Nimeangalia mara tatu, jibu ni lile lile.

Jumanne, 4 Februari

Hamsini na nne.

Mfumo huu mwanzoni niliuona wa majivuno. Kituo kidogo cha jua, nyumba mia na kitu, halafu mita zinazoongea na kompyuta! Mwaka wa kwanza hatukuwa nao. Kila mtu aliwasha alichotaka, mashine ya kusaga ikanguruma jioni, na kabla watu hawajala kijiji kizima kiza. Sasa mashine inapewa umeme saa nne mpaka saa tisa, jua likiwa na nguvu. Jua likizidi, pampu ya maji inajiwasha yenyewe na tangi linajaa, badala ya umeme kupotea bure. Mawingu yakija, mfumo unakata kwa zamu: mashine kwanza, baa, halafu nyumba. Zahanati mwisho. Wakubwa wanasema laini ya taifa ikifika huku, ziada yetu itapanda mlima kwenda Vwawa. Siku hizi naamini.

Ila kuna sheria moja haina huruma. Betri zikishuka mpaka ishirini, kila kitu kinazimwa ili zisife. Zahanati pia. Friji ya chanjo iko zahanati.

Kila nguzo ina kipimo chake. Leo nimefuata tawi la tatu nguzo kwa nguzo kwenye kompyuta. Mpaka ya kumi na moja hesabu ni safi. Kuanzia ya kumi na mbili umeme unavuja, mchana na usiku.

Nguzo ya kumi na mbili inalisha nyumba moja tu. Kwa mama mkwe.

Nimefunga kompyuta. Nimeifungua tena. Bado kwa mama mkwe.

Alhamisi, 6 Februari

Arobaini na tatu. Jana sikuandika. Nilikuwa na hasira.

Mimi ni Mnyiha wa Vwawa, nimeoa Unamwanga. Miaka sita, na kwa mila ya huku sijawahi kusema na mama mkwe uso kwa uso. Tukikutana njiani yeye anajifunika kanga na kugeuka, mimi naingia kwenye mpunga wa watu. Nyumbani kwake siingii. Uani kwake siingii. Wenzangu wa Tunduma hucheka wakisikia. Wacheke, hawajaoa huku.

Fundi mwingine angepanda nguzo akakata waya, basi. Lakini nguzo ile imesimama juu ya bafu lake, na bafu halina paa. Nikipanda, kijiji chote kitaniona natazama bafu la mama mkwe. Niombe atoke kwanza? Nani aniombee, na nimpe sababu gani? Nimwambie mke wangu kwamba kwao kuna mwizi?

Maana nina jina kichwani tayari. Shemeji Ezekia, kaka yake mke wangu, anaishi uani humo humo. Desemba alileta friji kutoka Tunduma juu ya toyo, pikipiki ya magurudumu matatu, kijiji kizima kikashangilia. Friji inakula mchana na usiku. Na mita yao inasoma kama ya mtu mwenye taa mbili.

Ijumaa, 7 Februari

Thelathini na saba.

Nimejaribu kitu. Nimeizima mita ya mama mkwe kutoka hapa kituoni, kwa kubonyeza tu. Ikazimika. Uvujaji haukupungua hata kidogo. Maana yake umeme unachukuliwa kabla ya kufika kwenye mita. Nimeirudisha upesi, wasije wakauliza.

Nesi Salome amekuja kutoka zahanati, viatu mkononi, tope mpaka magotini. Hakuketi.

"Fundi, niambie ukweli. Friji yangu itawaka mpaka Jumatatu?"

Nikasema naangalia.

"Usiangalie tu. Nikitoa chanjo nazipeleka wapi na mto umejaa?"

Ameondoka. Sina ninayeweza kumwambia. Mke wangu ananiuliza mbona sili. Nikasema tumbo.

Mchana mkuu wangu amepiga simu kutoka Tunduma. Na yeye anaona kila kitu kule kule, nguzo, saa, kiasi. Anataka jina la anayeiba. Kesho. Amesema nikimficha ndugu, nitakuwa nimeiba naye.

Naona kama nimefungiwa ndani ya kompyuta ile. Inajua kila taa ya kijiji hiki. Na mimi sina pa kujificha na ninachokijua.

Jumamosi, 8 Februari

Mvua kubwa tangu alfajiri. Betri ishirini na tisa. Uvujaji umeongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo amepata na cha pili cha kuwasha? Ana moyo huyu mtu.

Nimekata nyumba zote za tawi la kwanza na la pili. La tatu nimeliacha. Nilijiambia nisimshtue. Uongo. Nilimwogopa mke wangu.

Mzee wa mashine ya kusaga amenitukana mbele ya watu. Ana mahindi ya msiba ya kusaga, amekwama nayo. Amesema umeme wa jua unamfaa anayekaa jangwani.

Saa nane nimeandika ripoti. Jina la Ezekia, jina la baba yake, nguzo ya kumi na mbili, kujiunganishia umeme kinyume na sheria. Nimeituma. Mtandao ulikuwa unasuasua mvua yote, lakini ripoti hiyo iliondoka mara moja.

Jioni mke wangu alinipakulia ugali na samaki wa Rukwa. Aliyewaleta ni Ezekia. Nimekula. Najichukia.

Jumapili, 9 Februari

Naandika usiku, tope la leo bado nguoni.

Asubuhi ishirini na nne. Nilikuwa nahesabu saa zilizobaki. Mke wangu akarudi kanisani, akaanza kusimulia huku anavua kitambaa. Wamemwombea mama yake. Mama amehama chumbani, siku ya nne leo analala jikoni, kwa sababu ukuta unang'ata.

Nikamwambia arudie.

"Ukuta wa chumbani. Akiugusa unamng'ata. Jana ulimtupa chini. Wazee wanasema ni marehemu baba, hakuridhika na matanga."

Kikombe kilinidondoka. Nimekimbilia kompyuta, nimezima tawi lote la tatu, nyumba zote kwa mara moja. Kisha nimechukua begi la vifaa na kukimbia kwenye tope, mke wangu nyuma yangu anauliza kuna nini.

Friji haili zaidi mvua ikinyesha. Mtoto wa darasa la nne angeliona hilo. Umeme unaoongezeka na mvua ni umeme unaozama kwenye ukuta uliolowa. Mimi nilikuwa nimeshapata mwizi, sikutaka kufikiri tena.

Langoni nikasimama. Miaka sita si mchezo. Mama mkwe alikuwa kibarazani, akanipa mgongo na kujifunika, akasema na binti yake kana kwamba mimi niko Zambia:

"Muulize mumeo anataka nini."

"Mwambie mama atoke uani kabisa. Ukuta una umeme."

Mke wangu akarudia kwa Kinamwanga. Mama akajibu:

"Mwambie avue viatu. Chumbani nimepiga udongo upya."

Tawi nimelizima, lakini sikuliamini, nimevaa viatu vya mpira makusudi, nisife. Nimeingia navyo. Mungu anisamehe, na yeye anisamehe.

Chumba kidogo. Mita imefungwa juu ya kitanda, ndani, ambako haikutakiwa kuwa. Mwaka ule wa kufunga mita, mama alitaka iwe ndani kwa kuogopa watoto wa jirani, nami nilikubali. Utabishana vipi na mtu usiyeruhusiwa kusema naye? Ezekia ndiye aliyefunga. Mimi nilikaa nyuma ya ua, napaza sauti maelekezo, mke wangu anayarudia. Nikasema pitisha waya ukutani. Sikusema kwenye bomba. Amepitisha mtupu ndani ya tope. Panya wametafuna ngozi ya waya, shaba inang'aa, ukuta umelowa chapachapa. Mkeka wake umeegemea hapo hapo.

Angekufa. Nilikuwa nahesabu uniti, na yeye angekufa.

Nimetoa waya wote. Nimetoboa upya, nimepitisha bomba, mita nimeihamishia nje. Saa tatu za kazi. Friji ya Ezekia nimeiona, imesimama kwenye chumba cha pili. Haijaunganishwa popote. Nimefungua mlango wake. Imejaa mbegu ya mpunga mpaka juu, ili panya wasiifikie.

Nimekaa chini kwenye udongo mbichi na viatu vyangu vichafu.

Ezekia hakuwepo, alikuwa mtegoni kwake mtoni. Nimerudi kituoni, nimewasha tawi la tatu. Uvujaji kwenye nguzo ya kumi na mbili umesoma sifuri. Nimezipa nyumba taa moja moja tu. Zahanati kamili.

Jumanne, 11 Februari

Jua tangu jana asubuhi. Betri sitini na sita. Mashine ya kusaga inanguruma, pampu imejiwasha mara mbili. Nesi Salome amepita na kunipungia tu mkono, ana foleni ya watoto.

Jana nilipiga simu Tunduma kufuta ripoti. Mkuu amesema ripoti ya wizi haifutwi kwa simu, imeshakwenda polisi. Maji yakipungua watakuja, labda kesho. Akauliza fomu ya ukaguzi wa nyumba ya mama mkwe, ya mwaka ule wa kufunga mita, nani aliweka sahihi. Nikasema mimi. Akauliza kama niliingia ndani siku ile. Nikasema hapana. Akasema niandike maelezo. Nimeandika ukurasa mmoja. Sikukagua, niliona aibu kuingia, nikatia sahihi, kisha nikamtaja mtu asiye na kosa. Kazi inaweza kuisha hapo. Mke wangu nimemsomea kabla ya kutuma. Aliondoka akaenda kuchota maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Mama mkwe ametuma kuku kwa mkono wa binti yake. Kwao ni kufungua mlango, niwe wa kuingia sasa. Nimempokea. Sijui kama angemtuma iwapo angejua yote.

Mchana Ezekia amekuja kituoni. Alikuwa ameleta samaki. Nimemwambia mwenyewe kabla hajaketi, yote, mpaka jina la baba yake nililoliandika, na polisi watakaokuja. Sikuyatia sukari maneno.

Aliweka samaki chini. Akatazama kompyuta muda mrefu, zile nguzo na namba zake.

"Hii ndiyo iliyokuambia ni mimi?"

Nikasema hapana. Hii iliniambia ni wapi. Mengine niliyaongeza mimi.

"Ungeniuliza tu, shemeji."

Hakupaza sauti. Nimemwahidi nitakuwa njia panda kabla gari la polisi halijafika, niseme mimi kwanza. Akaitikia kwa kichwa, akaenda shambani kwake, samaki ameniachia.

Saa kumi na moja sasa. Mita zote zinasoma vizuri. Kutoka mlango huu mpaka uani kwa Ezekia ni hatua mia mbili, nimezihesabu leo.