Barua ya Posa Iliyorudi Miteja

Mitole,
Wilaya ya Kilwa.
Jumanne, 12 Novemba 2024

Mwanangu mpenzi Nurdin,

Assalaam alaykum. Marahaba baba, nakuitikia hivyo hivyo ingawa shikamoo yako sijaisikia tangu ulipopanda basi kurudi chuoni. U mzima? Unakula? Kile kikohozi kimekwisha? Nasikia Dodoma saa hizi ni jua na vumbi tu, kunywa maji mwanangu, usingoje kiu.

Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Bibi yako goti bado linamsumbua lakini mdomo mzima kabisa, jana kawafukuza mbuzi wa jirani kwa matusi bila kuinuka mkekani. Korosho za bondeni zinaanguka vizuri. Za huku juu ule ugonjwa wa ubwiriunga umezimaliza, tunaokota hivyo hivyo zilizobaki.

Nakupigia simu hupokei. Ndiyo maana naandika. Naandika, naacha, naenda kugeuza korosho juani, narudi nakuta kuku kakanyaga karatasi. Musa fundi baiskeli anakuja huko kesho kumwona dada yake, nimemwapisha asirudi bila kukuona kwa macho yake.

Nianze na masomo. Dada yako Imani kanisomea ujumbe uliomtumia, kwamba sasa basi, hutahoji tena maandishi ya mtu, utakariri kama zamani upate cheti chako yaishe. Mwanangu, niliposikia vile nilikaa chini. Nimekumbuka mwaka wako wa kwanza, ulivyonipigia simu. Ulikuwa umekiingiza kitabu kizima kichwani, kama mlivyozoea madrasa, kuyumba na kurudia mpaka kinakaa. Mwalimu akakurudishia kazi yako, kaandika pembeni kwamba haya maneno ya kitabu anayajua, wewe mwenyewe unasemaje? Siku ile nilimlaani yule mwalimu, Mungu anisamehe. Niliona mtoto wangu kasoma kila neno, sasa mtu huyu anataka nini tena?

Lakini likizo hii nilikuona mwenyewe. Kila karatasi unaikalisha chini na kuihoji. Nani kaandika, anataka nini kwetu, kipi hakukisema. Lile tangazo la dawa ya mikorosho pale dukani, "mavuno mara tatu", ukawauliza wenye duka mara tatu ya shamba gani, la nani, mwaka gani? Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na hakuna aliyenunua. Nilitembea kifua mbele siku ile. Sikukwambia kwa sababu niliogopa pia. Nilijiuliza huyu ataishia wapi, atafika hadi kwenye Msahafu? Sijui. Mama yako anaogopa vingi.

Sasa la Imani. Ulikuwepo, lakini wewe ulikuwa mbele na wazee, mimi na dada yako tulikuwa nyuma ya pazia, na huko nyuma mambo yanaonekana vingine. Kwa hiyo ngoja nikwambie nilivyoyaona.

Mzee Haruna kaja na wenzake kutoka Miteja, mshenga wa Jafari anayemposa dada yako, kanzu imepigwa pasi, barua ya posa kaishika kwa mikono miwili. Mjomba wako Abilahi, ambaye tangu baba yako atutoke ndiye msimamizi wetu, akasema, "Msomi si huyu hapa? Nihangaike na miwani ya nini? Soma, mjomba." Ukasoma vizuri, Nurdin. Sauti ilikuwa ya baba yako kabisa. Bibi yako alishaweka ulimi tayari kwa kigelegele.

Desturi unaijua. Barua ikisomwa, wazee wanashukuru, wanakula, wanaondoka, jibu linafuata siku nyingine. Pale haulizwi mtu kitu. Wewe ukasema, "Samahani wazee, imeandikwa kijana amejaaliwa kazi nzuri mjini Lindi. Kazi gani hiyo? Na huyu aliyeandika anamjua Jafari, au kaandika tu?"

Mzee Haruna akajibu, "Mwanangu, mimi nimetumwa tu."

Ukamwambia, "Basi tuisome wote, mzee. Nionyeshe hapa ndani ni wapi panapoeleza hiyo kazi." Ukampa karatasi mkononi.

Akaishika. Akaigeuza huku na huku, akasema hakuja na miwani. Yule kijana wao mwenye maneno akadakia, "Jamani, tumekuja kuposa au kufanya mtihani?" Watu wakacheka, na wewe ukacheka. Mzee hakucheka. Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni, akaaga. Wali wa nazi na kuku watatu, tuligawa kwa majirani. Mjomba wako alivyofoka baadaye, eti chuo gani kinafundisha watoto kuhoji posa, hayo uliyasikia, sirudii. Na wewe ukajibu na kwenda kulala bila kula, na kesho yake ukaondoka.

Barua ikiondoka na mshenga, baba, posa imekufa. Ndivyo kijiji kizima wanavyosema sasa hivi kisimani.

Jumapili shangazi yake Jafari kaja, peke yake, kwa bodaboda, kajifunika kama anakwenda msibani. Tukakaa jikoni. Nikamuuliza la kazi, maana swali lako nami lilikuwa linanikereketa. Akacheka! Akasema ile barua kaandika bwana mmoja pale Miteja anayewaandikia watu wote, na maneno ni yale yale miaka nenda rudi. "Hata mwanangu alimwandikia amejaaliwa kazi nzuri, dada, na jembe lenyewe alikuwa anaazima." Kila anayeposa kajaaliwa kazi nzuri, kila binti katoka nyumba ya heshima. Ni namna ya kubisha hodi tu. Jafari anashusha mizigo bandarini Lindi, siku kukiwa na mizigo. Hakuna aliyeficha.

Mimi sikulijua hilo, na wewe hukulijua. Ulidhani kijana anadanganya, kumbe ni mtindo wa mwandishi. Sikulaumu. Na wala sisemi swali lilikuwa baya, kwa sababu bila wewe tungemwoza binti bila kujua anakwenda kula nini.

Lakini aliniambia na jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo. Mzee Haruna hajui kusoma. Hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Amebeba posa za watu tangu sisi hatujaolewa, kwa ulimi wake na heshima yake, na hakuna aliyewahi kumpa barua mkononi akamwambia nionyeshe. Tangu arudi kwao haendi barazani. Akiswali anatoka msikitini wa kwanza, anajifungia ndani.

Mimi niliishia la nne, Nurdin. Naijua aibu ile. Muuguzi anakupa karatasi mbele ya foleni anakwambia soma hapo uweke sahihi, herufi zinakimbia kama sisimizi waliomwagiwa maji, na nyuma yako watu wanakusubiri. Unatamani ardhi ikumeze. Mimi angalau naziunga herufi pole pole. Yeye hana hata hilo.

Umemwambia Imani kwamba huwezi kuomba radhi kwa kuuliza. Mimi sikuombi hivyo. Uliza, baba. Kama ulivyoanza ndivyo uendelee, ukirudi kwenye kukariri utakuwa umenichomea shamba. Ninachokuomba ni umwombe mzee msamaha kwa kumpa ile karatasi, na kwa kucheka. Basi. Shangazi yake Jafari kasema kwao hawadai kingine, wakisikia neno lako wataileta barua upya. Wasiposikia, Jafari ataposa kwingine kabla ya msimu wa korosho kwisha, mama yake keshaanza kutafuta.

Nilikuwa nimemaliza hapo, nikamuuliza Imani kama ana neno la kukuandikia. Alikuwa anakuna nazi. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mwambie kaka ile kazi ya bandarini naijua tangu Ramadhani, Jafari kaniambia mwenyewe, nami nimeridhika. Kaihoji karatasi, kawahoji wazee. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia pale pale, hakunigeukia." Akaendelea na nazi yake.

Nimeyaandika kama alivyoyasema, mwanangu.

Ijumaa baada ya swala mjomba wako anakwenda Miteja. Hasira zimepungua, bibi yako kamsema. Akifika kwa Mzee Haruna atakupigia kwa simu yake na kumpa mzee. Usimtumie ujumbe wa maandishi. Zungumza naye kwa mdomo.

Bibi yako anakusalimu na anauliza lini unaoa wewe. Mjomba Abilahi anakusalimu, kasema nisikuandikie kwamba kasalimu. Shangazi yako Maria wa Lindi naye salamu, na maalim wako wa madrasa anakuombea dua kila Alhamisi. Mungu akufungue akili, akulinde na maradhi na marafiki wabaya, akurudishe kwetu salama.

Mimi mama yako, moyo wangu uko huko uliko,

Somoe

Simu ya mjomba itaita mchana, kama saa nane. Nitakuwa nimekaa hapa na Imani tunangoja. Pokea, Nurdin.