Pikapu Mbili Chini ya Dirisha Langu

Mume wangu mdogo Abdalla,

Assalaam alaykum. Hapa Mishomoroni tu wazima, mamako anakusalimu. Usione wivu kwamba nimeolewa. Wewe mume wa utani, lakini huyu, wallahi, ananipikia chai ya tangawizi kila asubuhi.

Umeniuliza ununue pikapu ipi, ya Japani iliyopitia Dubai au iliyoundwa hapa kwetu. Swali hilo hilo lilinikuta na mimi fungateni. Babu yako mpya alitaka pikapu ya kupeleka nazi Kongowea, na uwezo wake ulikuwa wa moja tu. Nami sikuruhusiwa kutoka nje, bi harusi mwenye wajukuu. Basi akazileta zote mbili chini ya dirisha langu.

Ile ya Japani ilikuwa nyeupe, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Moyo wangu ukaenda huko. Lakini babu yako akaizunguka mikono nyuma, kama mtu aliye ukweni. Kisha akafungua boneti ya ile ya hapa, akainama ndani, nikamsikia anaimba.

"Bi Zuhura, ipi?"

"Hiyo unayoiimbia."

"Na macho yako yako kwa nyeupe?"

"Macho yangu yako kwako. Ile ikiharibika utatafuta fundi mpaka jioni. Hii utaitengeneza mwenyewe, na adhuhuri uko nyumbani."

Akacheka mpaka akajipaka grisi usoni.

Nawe fungua boneti zote mbili kwanza, ujisikilize. Naweka kalamu chini, maana nasikia pikapu mlangoni, na adhuhuri bado haijaadhiniwa.

Bibi yako,
Zuhura